Kurekodi historia ya mtaa wenu kwa mazungumzo na wazee: mwongozo kamili, kwa mifano ya Kariakoo

Kariakoo ya nyumba za vyumba sita inakwisha. Ile nyumba yenye korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma na baraza mbele inayotazama barabara, inanunuliwa, inavunjwa, na mahali pake panasimama ghorofa lenye fremu za maduka chini. Waliozaliwa humo wamehamia Mbagala, Tabata, Gongo la Mboto, Kigamboni. Ramani za jiji na barua za serikali zimehifadhiwa kwenye nyaraka. Ambacho hakikuhifadhiwa ni nani alipanga chumba kipi, maji yalichotwa wapi, nani alikuwa na redio, na watu waligombana na kupatana vipi wakitumia choo kimoja. Hayo yako vichwani mwa watu tu.

Kuyanasa hakuhitaji shahada wala mfadhili. Kunahitaji simu nzuri, subira na utaratibu. Mifano yangu mingi ni ya Dar es Salaam, lakini aliye Tanga, Mombasa, Ujiji au Lubumbashi atabadilisha majina ya mitaa, na kazi itabaki ileile. Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine yote: muulize mtu kuhusu mahali, usimuulize kuhusu historia. Ukilishika hilo, makosa mengine yanarekebishika.

1. Chagua mtaa mmoja, usichague jiji

Anayetaka kurekodi "historia ya Dar es Salaam" hamalizi, na kwa kawaida haanzi. Chagua mtaa mmoja, soko moja, kiwanja kimoja cha mpira au kituo kimoja cha basi. Chukua Soko la Kariakoo. Wajerumani walijenga banda la soko, likaja Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakapaweka wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, na jina la eneo lote likatoka huko. Jengo tunalolijua, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mwezi Julai 2021 likaungua. Waliouza mchicha au samaki mahali hapo kabla ya 1975 bado wapo, wengi wao wakiwa na umri wa miaka sabini na kuendelea. Soko hilo peke yake linatosha mwaka mzima wa kazi.

Kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, jifunze majina ya zamani. Mtaa wa Uhuru ulikuwa Kichwele. Mtaa wa Lumumba ulikuwa New Street. Barabara ya Samora ilikuwa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, ndipo ikawa Samora. Barabara ya Nyerere ilikuwa Pugu Road. Mzee akisema "tulishuka Kichwele tukakata kuingia Msimbazi," nawe ukabaki umekodoa macho, atakurahisishia maelezo kama mgeni, na maelezo yaliyorahisishwa hayana utamu wala faida. Andika orodha ya majina hayo kwenye karatasi moja na uibebe.

2. Nani wa kuzungumza naye

Kila mtaa una mzee mmoja ambaye kila mtu atakuelekeza kwake. Nenda, maana ni adabu, na atakufungulia milango ya wengine. Ila usiishie hapo. Huyo ameshasimulia mara nyingi, na simulizi lake limenyooka mno.

Barazani walikaa wanaume, uani walikaa wanawake, na mambo yaliyozungumzwa huko hayakuwa yaleyale. Kama unao wazee wa barazani tu, una nusu ya nyumba. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alipitia vikundi vyao vya ngoma, lelemama na vinginevyo, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na sare. Mtandao huo haukuonekana kutoka barazani. Kwa hiyo tafuta mabibi: waliocheza upatu, waliopika maandazi alfajiri, wakunga, waliosimamia wapangaji mume akiwa kazini bandarini.

Tafuta pia watu wa kazi zao: kondakta wa UDA, shirika la mabasi la jiji, aliyepanda yale mabasi marefu ya kumbakumba, karani wa duka la kaya, fundi cherehani wa barazani, muuza kahawa, mpiga gitaa, mchezaji wa timu ya mtaa. Usiwasahau waliohama. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha, kuna waliopoteza nyumba na kuna waliopata pa kuishi. Anayetaka ukweli wa jambo hilo atawasikiliza mwenye nyumba na mpangaji, hata kama mmoja wao sasa anaishi Toronto au Leicester na itabidi mzungumze kwa simu.

Aliyekuwa na miaka 15 siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, alizaliwa 1946. Fanya hesabu hiyo, kisha panga orodha yako kwa kuanza na wenye umri mkubwa na wenye afya dhaifu. Mtu wa miaka 55 anaweza kusubiri, ingawa naye ana historia: foleni za sukari na sabuni za miaka ya themanini mwanzoni, na daladala zilipohalalishwa mwaka 1983.

3. Kubisha hodi

Siku ya kwanza usirekodi chochote. Nenda na mtu anayejulikana pale: mtoto wa mzee, mjumbe wa nyumba kumi, jirani, mtu wa msikitini au kanisani kwake. Kama unafanya kazi hii kwa jina la shule au kikundi, pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa ili watu wasianze kuuliza wewe ni wa nani. Toa shikamoo, kaa unapoelekezwa, jibu kwanza maswali utakayoulizwa: mtoto wa nani, unatoka wapi, unakaa na nani. Hayo ndiyo mahojiano ya mwanzo, na wewe ndiye unayehojiwa.

Mwite mtu kama anavyoitwa nyumbani kwake. Kama watu wote wanamwita Bi Mkubwa au Mama fulani, wewe nani umwite kwa jina lake la kitambulisho? Kuhusu saa, mimi huchagua asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, kabla ya joto na baada ya shughuli za alfajiri. Mwezi wa Ramadhani mwache mtu apumzike mchana.

Swali la pesa litakuja. Ushauri wangu: usinunue maneno. Ukilipa kwa simulizi, unapewa simulizi refu. Lakini usiende mikono mitupu, beba sukari na majani ya chai, na mtu akitoka kwake kuja kwako, nauli yake ni juu yako. Mradi wenye fedha za wafadhili uwalipe wote kiwango kimoja kwa ajili ya muda wao, na uwaambie tangu mwanzo.

4. Idhini, na hatari ya viwanja

Eleza kwa Kiswahili cha kawaida unarekodi nini, nani atasikia, itakaa wapi. Mpe mtu nafasi ya kuchagua: isikike kwa wote, isikike bila jina lake, isikike kwa familia tu, ifungwe mpaka mwaka atakaoutaja. Mwambie pia kwamba anaweza kubadili mawazo, na mwachie namba yako ya simu iliyoandikwa kwa maandishi makubwa. Andika fomu ya ukurasa mmoja, msomee kwa sauti, kisha idhini hiyohiyo airudie mdomoni mbele ya kinasa sauti. Asiyejua kuandika asidhalilishwe kwa dole gumba ikiwa sauti yake inatosha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya inayo yake ya 2019, hivyo idhini iliyo wazi inakulinda wewe pia.

Jambo ambalo miongozo ya nje hailitaji ni viwanja. Kariakoo kiwanja kimoja kina thamani ya utajiri, na familia nyingi ziko kwenye kesi za mirathi. Bibi akisema kwa nia njema kabisa, "ile nyumba baba aliinunua kwa fulani, hakumalizia pesa," sentensi hiyo ikitoka hadharani inaweza kuingia mahakamani na kuwagombanisha ndugu. Kila penye habari ya nani ni mmiliki, nani alirithi au nani alidhulumiwa kiwanja, weka alama, na usiichapishe bila kurudi kwa msemaji na kuzungumza naye peke yenu. Vivyo hivyo mambo ya unyago na jando: mwenyewe ndiye anayejua lipi la kusikika na lipi la kubaki ndani.

5. Vifaa na chumba

Simu ya kawaida inatosha kuanzia. Iweke kwenye hali ya ndege ili isipigwe katikati ya simulizi. Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV, 48 kHz na biti 24 kama simu inaweza. Kwa njia moja ya sauti utatumia takriban nusu GB kwa saa, na kwa stirio takriban GB moja, basi hakikisha nafasi kabla ya kutoka nyumbani. Ukiwa na pesa kidogo, kitu cha kwanza kununua ni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, iwekwe shubiri moja chini ya kidevu. Ukiwa na nyingi zaidi, nunua kinasa sauti chenyewe, na urekebishe sauti ili inapopanda sana ifike karibu na desibeli -12, isigonge sifuri.

Kama huna maikrofoni, weka simu juu ya kanga iliyokunjwa, kwenye stuli, karibu na msemaji kuliko ulivyo wewe. Kanga inazuia mtetemo wa stuli kuingia kwenye sauti. Zima feni, na omba ruhusa kuzima friji. Acha funguo zako ndani ya friji hiyo ili usiondoke bila kuiwasha. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa kina sauti nzuri kuliko sebule tupu ya vigae. Mvua ikianza kwenye bati, simamisha. Adhana ikisikika, simamisheni pia, mtu asali kama anasali, kisha muendelee.

Rekodi dakika moja ya majaribio na uisikilize kwa spika za masikioni palepale. Kuangalia mistari inayocheza kwenye kioo hakutoshi.

6. Maswali

Hapa ndipo kazi nzima ilipo.

Ukimwambia mtu, "Mzee, tuelezee historia ya Kariakoo," atakupa Wajerumani, Waingereza, TANU, Uhuru, na shukrani kwa viongozi. Hakukosea. Umemwuliza swali la shule, amekupa jibu la shule. Sasa jaribu hivi: "Bibi, ukiingia mlango wa mbele wa nyumba yenu, chumba cha kwanza mkono wa kulia alikaa nani?" Atatulia kidogo, kisha ataanza. Alikaa fulani, mtu wa Kilwa, alikuwa bandarini. Na cha pili? Mama mmoja na wanawe wawili, akiuza vitumbua. Cha tatu? Hicho chetu, tulilala sita, wavulana walilala koridoni. Mkono wa kushoto? Mkifika uani umeshapata kabila za wapangaji, kazi zao, kodi, nani alikuwa na jiko lake na nani aliazima, bomba lilikuwa wapi na zamu ya kufagia ilipangwaje. Nyumba moja imekuonyesha jiji lilivyohamiwa, na neno "historia" halijatajwa.

Baada ya nyumba, mtoe nje. "Ukitoka mlangoni ukakata kushoto kwenda dukani, ulipita kwa nani?" Mpe karatasi na kalamu, achore, au mchoree yeye akikurekebisha. Taja kwa sauti mnachochora ("hapa anaonyesha msikiti, hapa mwembe") kwa sababu kinasa sauti hakioni kidole. Karatasi hiyo iandike tarehe, ipige picha, iweke pamoja na rekodi.

Kisha njoo kwenye masikio na miili. Redio ilikuwa kwa nani, na nani aliruhusiwa kukaa karibu nayo? Utangazaji wa redio Dar es Salaam ulianza 1951, kwa hiyo wapo wanaokumbuka siku ilipoingia nyumbani kwao. Ulivaa nini kwenda dansini Anatoglo au Amana, na ulirudi na nani? Western Jazz, Kilwa Jazz na Dar es Salaam Jazz kila moja ilikuwa na wapenzi wake, kama Yanga ya Jangwani na Simba ya Msimbazi. Siku ya msiba turubai lilifungwa wapi, na ubwabwa ulipikwa na nani?

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Watu hawakumbuki kwa tarakimu, na wakilazimishwa watabuni ili wakuridhishe. Shikilia matukio: ulikuwa umeshaolewa wakati wa Uhuru? Mlihama kabla ya Azimio la Arusha au baada? Ilikuwa kabla ya vita vya Kagera? Sokoine alipofariki mlikuwa mnakaa wapi? Wakati wa El Nino nyumba ilikuwa bado imesimama? Wewe nenda nyumbani ukaweke 1961, 1967, 1978 na 1979, 1984, 1997 na 1998. Matukio ya familia yanafaa zaidi hata ya hayo: mtoto wa tatu alizaliwa katika nyumba ipi?

Baadhi ya miongozo ya kigeni humwambia mhojaji akae kimya kabisa. Kwetu hilo halifai. Msimulizi anahitaji mwitikiaji, na asiyeitikia anaonekana hasikilizi. Itikia "naam," "ehee," lakini mwishoni mwa sentensi, usipande juu ya maneno yake. Akinyamaza, nyamaza naye. Kinachofuata baada ya ukimya mrefu mara nyingi ndicho ulichokifuata. Na akikosea mwaka au jina la gavana, usimsahihishe, andika kwenye daftari, utafuatilia baadaye.

Mambo mengine yanauma. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwakamata watu mjini wakaambiwa hawana kazi, wakapelekwa mashambani. Wapo waliokamatwa, na wapo waliokamata, na huenda wamekaa mtaa mmoja. Uliza mara moja kwa upole, na mtu akigeuza mazungumzo, geuka naye. Akilia, simamisha kinasa sauti, na yeye ndiye aseme kama mtaendelea siku hiyo au siku nyingine. Dakika tisini zinatosha kwa mkao mmoja. Baada ya hapo mzee anachoka kabla hajakuambia.

7. Kuanza na kufunga rekodi

Kabla ya swali la kwanza sema kwa sauti: "Leo ni tarehe 14 Machi 2025, tuko Ilala, nyumbani kwa Bibi fulani. Anayeuliza ni mimi fulani. Bibi, unakubali turekodi?" Faili likipotea jina, sauti yenyewe itajieleza. Wakija majirani wakaingia kwenye mazungumzo, usiwafukuze. Waombe kila mmoja aseme jina lake na kama anakubali. Mwishoni uliza, "Kuna jambo ambalo sikuuliza na ulitaka lisikike?" kisha usizime haraka. Picha za zamani hutoka kabatini wakati huo. Zipige picha palepale, pande zote mbili, kwa sababu nyuma ya picha mara nyingi kuna jina la studio na tarehe, na usiondoke nazo hata ukipewa.

8. Jioni hiyohiyo

Rekodi isiyo na lebo ni sauti ya mtu asiyejulikana akizungumza mambo yasiyojulikana. Usilale kabla ya kufanya haya.

Lipe faili jina linaloanza na mahali na tarehe iliyoanza na mwaka, kwa mfano: ilala_2025-03-14_msemaji07_sehemu1.wav. Tumia namba badala ya jina la mtu, maana huenda ameomba jina lisitajwe, na orodha ya namba na majina ikae mahali pengine. Kwenye jedwali moja andika namba, tarehe, mahali, mwaka wa kuzaliwa kama unajulikana, mitaa iliyotajwa, lugha zilizotumika, masharti ya idhini, na ziko wapi picha na ramani zinazohusika.

Nakili mara tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Faili la asili usilikate wala kulisafisha. Ukitaka kupunguza kelele, fanya kwenye nakala. Na usiitume rekodi kwa WhatsApp kama sauti, kwa kuwa inabanwa na kupoteza ubora. Ikibidi, itume kama dokumenti.

9. Kuandika kilichosemwa

Kuandika neno kwa neno saa moja ya mazungumzo kunaweza kuchukua saa tano au sita, na zaidi kama watu wamezungumza pamoja. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinasaidia, lakini zinaharibu majina ya watu na mitaa, yaani vitu hasa unavyovihitaji. Usipokuwa na muda, andika faharasa ya dakika: 00:04 wapangaji wa nyumba; 00:17 bomba la maji; 00:31 msiba wa baba; 00:52 kuhama. Faharasa ya ukurasa mmoja kwa kila rekodi ni bora kuliko rekodi moja iliyoandikwa yote na kumi zisizoguswa.

Unapoandika, acha mtu aseme anavyosema. Akichanganya Kizaramo, Kimanyema au Kigujarati, andika hivyo na uweke maana pembeni. "Nlikwenda" isigeuzwe "nilikwenda" ili apendeze shuleni.

10. Kulinganisha

Wasemaji watatofautiana. Mmoja atasema bomba lilikuwa kona hii, mwingine kona ile. Nenda na ramani zao zote mbili kwa mtu wa tatu. Angalia ramani za zamani na magazeti kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pengine yalikuwa mabomba mawili, kwa miaka tofauti. Zikibaki kauli mbili, zihifadhi zote na useme ni ya nani ipi.

11. Kuirudisha mtaani na kuikabidhi

Nakala ya kwanza ni ya mwenye sauti. Iweke kwenye fleshi au memori kadi, uwaonyeshe wajukuu jinsi ya kuifungua. Halafu iombe taasisi ihifadhi: Makumbusho ya Taifa ya Mtaa wa Shaaban Robert, maktaba ya chuo, na kwa Zanzibar, Nyaraka za Taifa za Kilimani. Zungumza nao mapema, uliza wanapokea faili za aina gani, na ukabidhi kwa barua inayotaja masharti ya kila msemaji, huku wewe ukibaki na nakala zako.

Mwisho, panga siku ya kusikiliza. Spika moja, mkeka, kahawa na kashata, barazani kwa mmoja wa wasemaji. Chagua vipande vya dakika tatu au nne ambavyo wenyewe wameruhusu, na uvipige kimoja kimoja. Watu watabishana: hapana, ule mwembe ulikuwa upande wa pili, yule fundi hakuwa Mngoni. Omba ruhusa ya kurekodi na ubishi huo, uwape wabishi namba zao kwenye jedwali, na uandike palepale nani anapatikana lini, kwa sababu hao ndio wa kubishiwa hodi wiki inayofuata.